Kutoka Tabora mpaka Mtaa wa Tabora: niliyoyaona Brussels

Brussels ina sifa mbaya kwa watalii. Wanasema ni mji wa maofisa wa Umoja wa Ulaya, mvua, na sanamu ya mtoto anayekojoa. Ukae nusu siku, ule chokoleti, upande treni ya Paris au Amsterdam. Mimi nasema kinyume, hasa kwa sisi tunaotoka pande za Ziwa Tanganyika. Sijaona mji mwingine wa Ulaya wenye mambo yetu mengi kiasi kile: majina yetu ukutani, shaba ya majirani zetu kwenye sanamu, chakula chetu madukani. Ila mengi ya hayo hayapo kwenye njia ya watalii, na asiyejua pa kutazama huyapita huku hela ikimtoka. Naandika kwa ajili ya mtu anayekwenda kumtembelea ndugu, kama nilivyokwenda mimi, akiwa na pesa ya kuhesabu.

Mdogo wangu anaishi huko. Ni muuguzi, ameolewa na Mkongomani wa Lubumbashi. Yeye hufanya zamu za usiku na shemeji ni dereva, kwa hiyo siku nyingi nilizunguka peke yangu, na nadhani ndiyo maana niliujua mji.

Safari ilianza na makaratasi. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Hayo wengi wanayajua. Linalowakwamisha ni jingine: kama mwenyeji wako ndiye atakayekugharamia, barua ya mwaliko ya kawaida haitoshi. Ubelgiji wana fomu yao ya kuahidi kumgharamia mgeni. Mwenyeji anaipeleka kwenye manispaa anakoishi pamoja na ushahidi wa kipato chake, inagongwa muhuri, kisha nakala halisi inatumwa kwako uiambatanishe na maombi. Mtu wa zamu za usiku kupata nafasi ya kwenda manispaa mchana si kazi ndogo. Ilituchukua wiki kadhaa za kupigiana simu kwa ukali kidogo. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo anza na fomu hiyo kabla hata hujaulizia bei ya tiketi.

Zawadi nazo zina sheria. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviingii, hata samli ya mama. Samaki wanaruhusiwa kwa matumizi yako mpaka kilo 20, ndiyo maana dagaa wangu wa Kigoma walipita. Asali mwisho kilo 2. Mtu wa Tabora anaweza kusafiri bila koti, lakini si bila asali, basi nilipima kilo zangu 2 kwenye mizani ya dukani na nyingine nikaiacha nyumbani kwa uchungu.

Ukitafuta ndege za bei poa za ndani ya Ulaya, angalia jina la uwanja. Kuna uwanja wa Zaventem, ambao treni yake inakufikisha katikati ya mji kwa dakika kama 20, na kuna Charleroi, ambao nao unajinadi kwa jina la Brussels ilhali uko kilomita kama 50 kusini. Basi la kutoka huko ni mwendo wa saa nzima, na nauli yake inakula ile nafuu uliyodhani umeipata. Tiketi ya treni ya Zaventem ina nyongeza ya uwanja wa ndege, na kituoni pale kuna mageti yanayoisoma, kwa hiyo usiitupe.

Halafu majina. Mji una lugha mbili rasmi, Kifaransa na Kiholanzi, na kila mtaa na kila kituo kina majina mawili. Kituo cha Arts-Loi ndicho Kunst-Wet. Bruxelles-Midi ndicho Brussel-Zuid. Ukitoka nje ya mji mambo yanazidi, maana treni ikiwa upande wa Waflemi ubao unaonyesha Kiholanzi tu: Mons inageuka Bergen, Liège inageuka Luik, na Lille ya Ufaransa inageuka Rijsel. Niliwahi kumwona mama mmoja wa Kihindi akilia kwenye jukwaa la treni kwa sababu hiyo tu. Andika majina yote mawili kwenye simu kabla ya kutoka.

Metro, tramu na basi zote ni za shirika moja. Ukiwa na kadi ya benki ya kugusisha huhitaji kununua tiketi: unagusa kwenye mashine ukipanda, na ukibadili chombo unagusa tena, hata kama ile saa moja ya tiketi yako haijaisha. Mashine inahesabu yenyewe, na ukifika kikomo cha siku haikukati zaidi. Muhimu ni kutumia kadi ileile siku nzima.

Siku za kwanza nilifanya ya watalii, na sijuti. Uwanja wa Grand-Place ni bure na ndicho kitu kizuri kuliko vyote katikati ya mji. Mwaka 1695 majeshi ya Louis wa 14 wa Ufaransa yaliupiga kwa mizinga mpaka nyumba zikawa majivu, lakini mnara wa ukumbi wa jiji, wenye mita 96, ukabaki umesimama. Vyama vya mafundi na wafanyabiashara vikajenga upya kwa miaka michache, kila chama kikishindana na mwenzake kwa dhahabu na nakshi, na UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1998. Nenda asubuhi mapema kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu, kisha rudi usiku taa zikiwaka. Usikae kwenye mikahawa ya pale. Chai tu itakugharimu mlo mzima wa mtaani, na maji ya bomba watakwambia hawana, kisha wakuletee ya chupa. Chooni napo unalipa, senti 50 mpaka euro nzima, kwa hiyo tembea na sarafu.

Yule mtoto anayekojoa, Manneken Pis, ana urefu wa sentimita 55 hivi. Watu wanasafiri kutoka China kuja kumwona, na yuko kwenye kona kama bomba la maji la uani. Tena aliye barabarani ni nakala. Yule wa asili yuko kwenye makumbusho ya jiji, palepale Grand-Place. Ana mavazi zaidi ya 1,000 aliyopewa na nchi na vyama mbalimbali, na siku nyingine anavalishwa. Nilicheka sana, na nadhani wenyeji nao wanamweka ili wacheke.

Sasa toka hapo utembee dakika chache kuelekea jengo la zamani la soko la hisa. Ubavuni mwa kanisa la Mtakatifu Nicholas kuna kamtaa kafupi, na kibao chake cha bluu kinasema Rue de Tabora, Taborastraat. Hakuna aliyeniambia. Niliinua macho kutafuta njia nikaona jina la kwetu. Wapita njia hawakuelewa kwa nini mwanamke wa hijabu amesimama anapiga picha kibao na kucheka peke yake.

Kicheko kiliisha niliposoma kisa chake. Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Kongo ya Wabelgiji likiongozwa na Jenerali Charles Tombeur liliuteka mji wa Tabora kutoka kwa Wajerumani. Kwa Ubelgiji, ambayo karibu yote ilikuwa chini ya Wajerumani wakati huo, ilikuwa habari ya kuwapa watu moyo. Jenerali baadaye akapewa ubaroni na kuitwa Tombeur de Tabora. Wapiganaji wake walikuwa askari wa Kiafrika, na nyuma yao maelfu kwa maelfu ya wapagazi waliobeba mizigo kwa kichwa kupitia Rwanda, Burundi na nchi yetu. Bibi yangu alikuwa akisema "wakati wa Wabeleji" na sisi watoto tukadhani amechanganya mambo, maana shuleni tulifundishwa Wajerumani kisha Waingereza. Alikuwa sahihi.

Kwa chakula, Mwislamu anatakiwa kujua jambo moja kuhusu chipsi za Ubelgiji, ambazo kweli ni tamu kuliko zote nilizowahi kula. Siri yake ni kukaangwa mara mbili, na kwenye vibanda vya kale zinakaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, ambaye hakuchinjwa kwa utaratibu wetu. Uliza kwanza. Vibanda vingi siku hizi vinatumia mafuta ya mimea, na mitaa ya Wamorokko ina vya halali tele. Pakiti inakuja kwenye karatasi iliyosokotwa kama ya karanga, kwa euro 4 au 5, na sosi unachagua. Mimi niliishia kwenye ile inayoitwa samurai, ina pilipili kidogo. Inaitwa kali, lakini mtoto wa Tanga angeilamba.

Zile keki zenye vishimo, gaufre, ziko za aina mbili: ya Brussels ni ya mstatili, nyepesi, ngozi yake inakatika, ya Liège ni nzito, ina punje za sukari zinazoyeyuka kwenye chuma. Zote huliwa kavu au na sukari ya unga. Ule mlima wa krimu, ndizi na chokoleti unaoonekana madirishani karibu na Manneken Pis ni wa kuwapigia picha wageni, na bei yake ni mara mbili na zaidi. Pia jikoni za mikahawa mingi hufungwa baada ya chakula cha mchana na kufunguliwa saa 12 au saa 1 jioni. Ukijisahau, utashinda njaa mbele ya meza zilizotandikwa.

Matonge nilienda na shemeji. Ni mitaa michache tu ya manispaa ya Ixelles, karibu na Porte de Namur, iliyopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Wanafunzi wa Kikongo walianza kukaa hapo miaka ya 1960, biashara zikawafuata. Kwenye Chaussée de Wavre na ndani ya jengo la maduka linaloitwa Galerie d'Ixelles unakuta vitenge, ndizi za kupika, samaki wa kukausha, kisamvu cha kugandishwa ambacho wao wanakiita sombe au pondu, na saluni zisizohesabika. Vijana wanasimama nje wakiwaita wanawake wasukwe. Ukiwakataa kwa tabasamu wanakuacha. Kilingala ndicho kinachotawala. Kiswahili utakisikia ukitega sikio, kwa watu wa Bukavu, Goma, Lubumbashi na Bujumbura. Mama mmoja wa Uvira anayeuza mboga alinisikia nikimwambia shemeji bei ni kubwa, akadakia: "Mama, huku si Kariakoo!" Tukaongea karibu nusu saa. Nyanya chungu akanifungia za bure. Jambo la kuzingatia hapo ni kamera: wengi hawapendi kupigwa picha, na wana sababu zao. Omba kwanza.

Tulikula bukari, ugali wa kwao, na sombe yenye mawese, na samaki wa kuchoma, watu wawili tukalipa chini ya euro 40. Ule ulikuwa mlo bora kuliko yote niliyolipia Brussels, na sitasema zaidi.

Mdomoni mwa Matonge kuna uwanja mdogo uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018, siku ya uhuru wa Kongo. Ni mdogo kweli, mtu anaweza kuuvuka bila kujua. Kutoka hapo unatembea dakika chache tu mpaka Place du Trône, na huko Leopold wa Pili, mfalme wa zamani wa Ubelgiji, amepanda farasi, mkubwa, juu ya jiwe refu. Kibao chini yake kinaeleza kwamba shaba na bati za sanamu zilitoka Kongo, zikatolewa bure na kampuni ya migodi ya Katanga. Shemeji, ambaye baba yake alifanya kazi migodini, alinionyesha kwa kidole. "Hii yote ni mukuba ya kwetu, dada." Kisha akauliza kama tunapanda basi au tunatembea. Tulitembea. Mwaka 2020 sanamu ile ilimwagiwa rangi, ikasafishwa.

Mkipata siku moja tu ya ziada, iwe ya Tervuren. Panda tramu namba 44 kutoka Montgomery. Nusu ya njia ni msitu mtupu, na nauli ni ileile ya mjini. Makumbusho ya Afrika yaliyoko huko hufungwa Jumatatu. Tena Tervuren ni upande wa Waflemi, kwa hiyo kile Kifaransa cha kubahatisha kiache garini, Kiingereza kinapokelewa vizuri zaidi. Jengo lilifunguliwa 1910 likiwa la kuusifu ukoloni, likafungwa 2013 kwa ukarabati, likafunguliwa tena Desemba 2018 baada ya kujaribu kujirekebisha. Kujaribu, nasema. Ukumbini bado kuna majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo yaliyochongwa ukutani. Msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, ameweka kazi yake dirishani ili jua likiwaka, majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji yaangukie juu ya yale. Siku niliyokwenda kulikuwa na mawingu.

Mtanzania ana vyake mle. Kituo cha kwanza cha Wabelgiji katika Afrika Mashariki kilikuwa Karema, leo mkoani Katavi, kilichoanzishwa 1879. Kamanda wake wa baadaye, Émile Storms, ndiye aliyetuma watu kumuua chifu Lusinga wa Watabwa mwaka 1884, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na kichwa chake kikasafirishwa Ubelgiji. Sanamu ya mbao ya Lusinga iko kwenye mkusanyiko wa Tervuren. Sanamu ya Storms mwenyewe ilikuwa kwenye bustani moja Ixelles mpaka ilipoondolewa 2022.

Lakini kilichonibana kifua kipo nje ya makumbusho, kanisani, bure, na wageni wengi hawafiki. Mwaka 1897 Leopold alileta watu 267 kutoka Kongo wakae kwenye vijiji vya maonyesho Tervuren, wazungu waje kuwatazama. Saba walikufa. Wamezikwa pembeni ya kanisa la Mtakatifu Yohane: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Niliwasomea dua, sijui dini yao. Kisha nikakaa kwenye benchi kwa muda mrefu na sikutaka kumpigia mtu simu. Kwa hiyo usipange kitu kingine jioni ya siku hiyo. Mimi nilikuwa nimeahidi kwenda kwenye mwaliko wa chakula na nikaharibu karamu ya watu kwa kununa.

Na jambo lile halikuishia karne ile. Atomium, yale matufe tisa ya chuma yenye kimo cha mita 102 yaliyojengwa kwa maonyesho ya 1958, unayaona kwenye kila kadi ya posta. Katika maonyesho hayohayo kulikuwa na kijiji cha Wakongo nyuma ya uzio, mpaka wenyewe walipochoshwa na dhihaka za watazamaji wakaondoka. Atomium inapendeza ukiwa nje. Tiketi ya kupanda nilihesabu nikaona ni bei ya chakula cha siku mbili, nikabaki chini.

Ijumaa niliswali kwenye Msikiti Mkuu, ndani ya bustani ya Cinquantenaire. Jengo lenyewe lilianza kama banda la maonyesho ya karne ya 19, mfalme wa Ubelgiji akawapa Wasaudia 1967, likafunguliwa kama msikiti 1978; mwaka 2018 serikali ikaamua kuwaondoa Wasaudia kwenye usimamizi wake. Hatua chache kutoka hapo kuna lango kubwa la matao matatu lililokamilika 1905 kwa fedha za Kongo. Baada ya Matonge na Tervuren, nilikuwa nimeanza kuyatazama majengo yote makubwa ya mji kwa jicho la mdai.

Jumapili maduka mengi hufungwa, na hapo ndipo mgeni mpweke anapoumia. Dawa ni soko la Jumapili asubuhi kwenye kituo cha Midi. Wamorokko na Waturuki walianza kuja kwa wingi baada ya Ubelgiji kutia saini mikataba ya wafanyakazi na nchi zao mwaka 1964, na soko lile ni lao: zeituni kwa ndoo, viungo, vitambaa, chai ya nanaa, na foleni ndefu ya msemen, chapati za mraba zinazokunjiwa jibini na asali. Nilisimama kwenye foleni hiyo mara mbili asubuhi moja. Simu na pochi viwe mbele ya mwili wako, vibaka wapo. Kwa mikate ya Kituruki yenye nyama, nenda Chaussée de Haecht, Schaerbeek, mchana.

Si kila kitu kilikuwa kitamu. Kwenye duka moja la nguo mlinzi alinifuata rafu kwa rafu, akisimama nikisimama. Nilinunua soksi nisizozihitaji ili nitoke na risiti mkononi, na usiku nikajilaumu kwa zile soksi kuliko kwa jambo lenyewe. Mdogo wangu aliniambia hurudisha bidhaa kwenye rafu na kutoka bila neno. Mvua nayo inanyesha kidogokidogo siku nzima hata Mei. Koti la mvua lenye kofia linafaa kuliko mwavuli, maana upepo unaugeuza.

Kama ungekuwa na siku nne, ningekupangia hivi: ya kwanza Grand-Place na Mtaa wa Tabora, ya pili Matonge na Place du Trône, ya tatu Tervuren peke yake, ya nne iangukie Jumapili kwa ajili ya soko. Makumbusho ya bunge la Ulaya, Parlamentarium, na Nyumba ya Historia ya Ulaya ni bure, yafaa siku ya mvua.

Chokoleti nunua mwisho, kwenye duka kubwa la vyakula na si kwenye vioo vya katikati ya mji, na ibebe kwenye begi la mkononi. Zangu zilipita Dar salama, kisha basi la Tabora likaharibika Manyoni saa nane mchana. Tulizila kwa kijiko.